Kabati Lililovuka Ukuta

Hebu niambie wewe: kitu kikitoka ndani ya chumba kilichofungwa, na kitasa hakikuguswa, utaanza kumshuku nani? Sema tu, usione haya. Utaanza na aliyekuwa ndani. Fundi Mkubwa naye alianzia hapo hapo, na kwa kuwa aliyekuwa ndani ni binti yake wa kumzaa, hakuona sababu ya kutafuta mbali zaidi.

Inspekta alifika kwenye karakana ya makabati asubuhi, mabati ya paa bado yana umande. Upolisi alikwisha kustaafu, lakini mtaa ulikataa kumvua cheo. Hata muuza mboga alimpimia nyanya akimwita Inspekta. Alikuwa mama mnene wa mwendo wa taratibu, kwapani ana mkoba wenye miwani ya mbali, miwani ya karibu, na futi ya kupimia. Aliyemwita ni mke wa fundi, mama yake Rula, naye alikuwa amemngojea getini huku akijifunga na kujifungua kitambaa cha kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Haya, nieleze kabla sijaingia."

"Mume wangu kasema leo mchana mteja wetu, mwenye hoteli, anakuja. Akifika, Rula akabidhi funguo za chumba cha michoro na asikanyage tena hapa. Eti kamuuzia shemeji yangu mchoro." Akapangusa pua. "Dada, mimi nimezaa mmoja tu. Akifukuzwa kazini na baba yake, nyumbani atakaa vipi na baba yake?"

Shemeji aliyetajwa ni mdogo wake Fundi Mkubwa, ambaye watu walimwita Msumeno. Hakuwa mbali: karakana yake ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa plaiwudi. Zamani ilikuwa karakana moja ya ndugu wawili, mpaka walipogombania jina la nani litangulie kwenye kibao cha nje. Kibao kikapasuliwa, ukuta ukasimamishwa, na tangu hapo wakawa wanasikiana mashine tu, salamu hakuna.

Fundi Mkubwa alikuwa anapiga msasa mguu wa meza. Hakuinua kichwa.

"Inspekta, usijichoshe bure. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nguo nitaikagua mwenyewe. Wewe nieleze ulichoona."

"Juzi mwenye hoteli alikuja kutazama mchoro wa kabati-kitanda. Kabati ukilivuta linashuka linakuwa kitanda, chumba kidogo kinapata nafasi. Amechora Rula, hakuna mtu mwingine duniani aliye nalo. Jana napita mlangoni kwa yule bwana wa nyuma ya ukuta, naliona limesimama! Nusu tayari! Hata chuma cha ndani cha kubebea uzito, vile vile!"

"Uliingia kwake?"

"Mimi? Niingie kwake?" Msasa ukasimama. "Nimeona nikiwa njiani."

"Njiani, ukaona chuma kilicho ndani ya kabati."

"Nilisimama kidogo."

"Kidogo cha kuinama?"

Mama Rula aligeuka akajifanya anatafuta kitu rafuni.

"Hata kama niliinama!" Fundi Mkubwa akasema. "Na juzi hiyo hiyo, baada ya chakula cha mchana, binti huyu nilimwona kwa macho yangu haya akitoka kwa yule bwana. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kumsikia yeye."

Chumba cha michoro kilikuwa kidogo na safi kuliko karakana yote, ingawa vumbi la mbao halina adabu, huingia popote. Palikuwa na meza moja, laptopu juu yake, viti viwili vya wateja, na televisheni kubwa ukutani. Rula alikuwa amesimama pembeni ya meza, mikono nyuma kama aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Jina hilo la Rula alilipata utotoni kwa kupima kila kitu, mpaka mkia wa paka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe ulichofanya juzi. Usinisimulie, fanya."

Rula akaketi, akafungua laptopu.

"Kawaida mteja anakaa pale. Mimi nabonyeza hapa, inatokea orodha, na kwenye orodha kuna jina la televisheni. Nikiligusa, picha inaruka mpaka ukutani, anaona kabati kubwa namna litakavyokuwa."

"Inapita kwenye waya gani?"

"Haina waya. Laptopu na televisheni zinashikana zenyewe hewani."

"Kwa intaneti?"

"Hata intaneti haihitajiki. Na juzi haikuwepo. Kile kisanduku cha intaneti kiliungua radi ilipopiga, mpaka leo baba hajanunua kingine."

Inspekta alikwenda mpaka kwenye kisanduku, akakigeuza. Kilikuwa na doa jeusi tumboni na harufu ya plastiki iliyoungua. Basi mchoro haukutumwa kwa barua pepe. Akanyoosha mkono.

"Simu yako."

Rula akamkabidhi simu ya vitufe, ya tochi, isiyoweza kupiga picha hata ya mlima. Inspekta akamrudishia. Kisha akavaa miwani ya karibu, akainama kwenye ubavu wa laptopu, akachokoa tundu la kuchomekea flashi kwa pini ya nywele. Likatoka donge la vumbi la mbao, gumu, lenye pembe nne, kama tofali la nyumba ya sisimizi. La tundu la pili likatoka vile vile.

"Flashi iliingia lini humu mara ya mwisho?"

"Siku nyingi. Tangu vumbi lizibe nimeshazoea."

Inspekta akayaweka madonge yote mawili kwenye karatasi, akaikunja. Flashi nayo ikaondoka kwenye hesabu.

"Haya, mteja kaketi. Endelea."

"Nikagusa jina. Laptopu ikaandika Imeunganishwa. Natazama ukutani: giza. Nikakata, nikaunganisha tena. Imeunganishwa. Giza. Nikazima televisheni, nikawasha. Nikachomoa plagi, nikangoja, nikachomeka. Nikafungua mipangilio, nikafunga, nikafungua. Nikaibeba laptopu mpaka nikaigusisha na kioo cha televisheni, labda haisikii." Rula akatabasamu kwa aibu. "Mwenye hoteli akaniuliza kama nazipatanisha zibusiane."

"Mwishowe?"

"Alianza kutazama saa. Nikaigeuza laptopu akaona mchoro humo humo, ndani na nje, na chuma chake."

"Na yale maneno, Imeunganishwa, uliyafuta?"

Rula akafikiri. "Hapana. Niliyaacha. Nilijua ni uongo."

Inspekta alivua miwani ya karibu, akavaa ya mbali, akaikodolea televisheni macho, halafu ukuta wa plaiwudi ulio nyuma yake.

"Mteja aliridhika?"

"Isipokuwa kitu kimoja. Alipofika kwake alipiga simu: ule mlango mdogo wa pembeni ufunguke kulia, mimi nilikuwa nimechora bawaba zake kushoto. Nikabadilisha papo hapo, kabla sijala."

"Ule wa zamani uko wapi?"

"Haupo. Nilibadilisha juu yake."

"Baada ya kula ukaenda kwa baba yako mdogo. Kufanya nini?"

Rula akatazama meza.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Hilo siwezi kusema."

"Hata kama linakuponza?"

"Hata kama. Lakini mchoro sikumpelekea."

"Wote husema hivyo, wa kweli na wa uongo," alisema Inspekta, bila ukali. "Haya. Nitaliacha hapo. Kuliacha si kulisahau."

Kwenda upande wa pili kulihitaji kutoka nje, kuzunguka kona, na kuingia kwa mlango mwingine, ingawa ukitaka ungeweza kupiga chafya ukajibiwa afya kupitia ukutani. Msumeno alikuwa mwembamba, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alipomwona Inspekta alizima mashine ya kukatia mbao.

"Karibu, karibu! Umetumwa na kaka?"

"Nimeitwa na shemeji yako."

"Aa." Akapangusa kiti kwa kofia. "Kaka mwenyewe hajambo lakini? Mgongo wake?"

"Hajambo, ila hasira."

"Hiyo alizaliwa nayo. Mama alikuwa anasema ilitangulia kutoka, yeye akaifuata."

Kabati-kitanda lilisimama katikati ya karakana, mbao zake bado nyeupe, hazijapigwa vanishi. Inspekta alilizunguka taratibu kama mtu anayenunua ng'ombe. Akatoa futi, akapima kimo, upana, na nafasi ya chuma cha ndani. Kisha akaufungua mlango mdogo wa pembeni. Bawaba zake zilikuwa kushoto.

Aliufunga, akaufungua tena. Kushoto.

"Vipimo hivi umevipata wapi?"

Msumeno akamshangaa. "Si kaka kanitumia?"

"Kakutumia kwa nani?"

"Kwa hiyo." Akanyoosha kidole. Ukutani, ndani ya mfuko wa nailoni uliokatwa mbele ili vumbi lisiingie, palikuwa na televisheni: ukubwa ule ule, fremu ile ile, hata alama ya duka kwenye kona ile ile.

"Imefanana na ya kule."

"Mapacha. Tulizinunua pamoja siku moja. Ile ya wateja, hii ya kazi. Tulipogawana, kila mtu akabaki na iliyokuwa upande wake."

"Ya kazi ya nini?"

"Sasa Inspekta, mashine hii ikinguruma utamwita mtu akusikie? Kaka alikuwa anachora kule. Akimaliza, anairusha picha hapa. Mimi nikiona picha imetokea, najua kazi imefika. Nachukua vipimo, nakata. Hatukuwa tunaambizana. Miaka yote ndiyo ilikuwa kazi yetu hiyo."

"Na tangu mjenge ukuta?"

"Haijatokea hata moja. Naiwasha jioni tu, mpira ukiwepo. Juzi niliiwasha asubuhi nisikilize habari ya mvua, maana nina mbao zimeanikwa nje. Mara, kabati hili hapa! Nikazima mashine. Nikakaa kwenye kiti hicho nilichokupangusia." Akavua kofia, akaikung'uta ingawa haikusaidia kitu. "Nikasema, kaka hajui kuomba radhi kwa mdomo. Basi ndivyo anavyoomba. Nikachukua vipimo vyote, nikaizima televisheni, nami nikajibu kwa msumeno."

"Mbona hukwenda kumwambia?"

"Nilitaka nimpelekee likiwa limesimama."

Inspekta akavuta kiti karibu, akaketi.

"Kumbuka vizuri. Kabla ya kabati kutokea, uliona nini hapo?"

"Orodha orodha. Mshale unakimbia huku na huku kama kuku aliyekosa pa kutagia. Inafungwa, inafunguliwa. Inapotea kabisa, inarudi. Nikasema masikini kaka, macho yamechoka, kitufe hakioni."

"Na Rula alikuja baada ya chakula."

"Alikuja."

"Alileta nini?"

"Mikono mitupu. Alikuja na neno lake, nami nikamjibu, bila kaka siwezi. Lakini neno ni lake, Inspekta. Muulize mwenyewe."

Inspekta akasimama, magoti yakalia. "Iwashe hiyo televisheni, usiizime. Na hiyo mashine iache ipumzike kidogo."

Aliwakusanya wote watatu kwenye chumba cha michoro: Fundi Mkubwa na mkono wake umekumbatia msasa, mkewe, na Rula. Mwenye hoteli alikuwa bado hajafika, lakini jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya ukuta.

"Fundi, umesema Rula alipeleka mchoro baada ya chakula, ulipomwona."

"Nilimwona, ndiyo."

"Mteja alitaka bawaba za mlango mdogo ziwe kulia. Rula akazibadilisha kabla ya chakula, wa zamani haupo tena. Mwizi aliyekwenda baada ya chakula angepeleka mchoro wa bawaba za kulia. Kabati la ndugu yako lina bawaba kushoto. Nimeufungua ule mlango mara mbili kwa mkono wangu."

Fundi Mkubwa akaugeuza msasa mkononi.

"Kwa hiyo mchoro ulivuka mteja akiwa bado yuko kwenye kiti hiki. Na Rula alikuwa mbele yake muda wote. Simu yake haina kamera. Matundu ya laptopu yalizibwa na vumbi lenu wenyewe, hili hapa." Akafungua karatasi. "Intaneti iliungua. Kimebaki kitu kimoja tu hapa chumbani kinachotoa picha nje. Nipeni rimoti."

Rimoti ilikuwa imefungwa nailoni nayo. Inspekta akampa Rula.

"Fungua mipangilio ya televisheni. Siyo ya laptopu. Juzi uliipekua laptopu, hii uliizima na kuiwasha tu. Nitafutie mahali pa kupokea picha."

Rula akashuka na mistari, mmoja mmoja, midomo ikisoma bila sauti. Akasimama.

"Kupokea picha kutoka vifaa vingine," alisoma. "Imezimwa."

"Uliizima wewe?"

"Sijawahi kufika hata huku!"

Mama Rula akamtazama mumewe, na Fundi Mkubwa akakohoa kikohozi kisicho na kifua.

"Kuna kitu," alisema, "usiku wa ngumi, kilikuwa kinajitokeza-tokeza. Simu ya jirani inataka kuingia, niruhusu, nisiruhusu. Raundi ya mwisho kabisa! Kikaja tena kimeziba uso wa bondia. Nikabonyeza-bonyeza mpaka kikakoma."

"Ulibonyeza hapo," alisema Inspekta. "Basi iache imezimwa hivyo hivyo. Rula, fanya kama juzi. Rusha."

Rula akafungua orodha. Lilikuwemo jina moja tu la televisheni, jina la kiwandani la herufi na namba, ambalo hakuna aliyewahi kulibadilisha. Akaligusa. Laptopu ikaandika Imeunganishwa.

Wote wakatazama ukutani. Giza.

"Si unaona?" Fundi Mkubwa akaanza. "Haifanyi ka—"

"Kaka!" Sauti ilipenya plaiwudi, nyembamba, ya furaha isiyojua kujificha. "Kaka, umeleta mwingine? Huu mbona bawaba zake kulia?"

Msasa ukaanguka mkononi mwa Fundi Mkubwa, na hakuna aliyeinama kuuokota.

"Ya kwenu ilikuwa imeziba masikio," Inspekta akasema taratibu, "kwa hiyo haikuwemo kwenye orodha. Iliyokuwemo ni pacha wake. Laptopu iliwahi kuruhusiwa kule enzi za karakana moja, haikuhitaji kubisha hodi. Siku zote ile ya kule huwa imezimwa asubuhi. Juzi iliwashwa. Laptopu haikusema uongo hata kidogo, iliunganishwa kweli. Na binti yako alipokuwa anahangaika na orodha, ndugu yako alikuwa anaona huo uhangaikaji. Mwizi hatangazi anavyotafuta kitasa."

"Na yeye akaona, akaiba," alisema Fundi Mkubwa, lakini sauti ilikuwa imepungua nguvu.

"Aliona, akakata. Kama alivyokuwa anakata picha ikitokea. Alidhani umemtumia wewe. Alidhani umemwomba radhi."

Fundi Mkubwa alitazama plaiwudi. Kisha akamgeukia Rula, akainua rimoti mezani akaiweka mahali pengine, bila sababu.

"Iwashe hiyo ya kupokea," alisema.

Rula akaiwasha. Kwenye orodha ya laptopu yakatokea majina mawili yaliyofanana herufi kwa herufi. Inspekta akamwelekeza abadilishe la kwao, aandike *Wateja*. Akaligusa. Kabati likaruka mpaka ukutani, kubwa, safi, kila mstari mahali pake.

Mlango ukasukumwa. Msumeno alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi, hajui kama ameruhusiwa kuingia. Hakuna aliyemwambia aingie, wala aliyemwambia atoke. Akabaki hapo hapo.

Fundi Mkubwa akatoa funguo mfukoni. Alikuwa amekwisha kumnyang'anya binti yake asubuhi ile, hata mchana haujafika. Akazinyoosha.

"Nilikosea. Chukua funguo zako. Rudi mezani kwako, mteja yuko njiani."

Mama Rula alishusha pumzi ndefu, akaketi kwenye kiti cha wateja. Lakini Rula hakunyoosha mkono. Funguo zikabaki zinaning'inia kwenye kidole cha baba yake.

"Chukua, mwanangu. Nimesema nimekosea. Unataka niseme mara ngapi?"

"Nimesikia, baba."

"Sasa?"

Rula alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa anarudisha futi mkobani.

"Kesi ya mchoro imekwisha," alisema Inspekta. "Kwa upande wangu huna deni la jibu. Lakini nyumba hii imeumia kwa sababu ya jambo ulilolificha. Usiponijibu mimi, mjibu huyu."

"Ulikwenda kwake kufanya nini?" baba aliuliza, na safari hii aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Msumeno kule mlangoni akatazama viatu vyake.

Rula akaifunga laptopu. Kabati likatoweka ukutani.

"Nilikwenda kumwomba baba mdogo anifundishe mashine," alisema. "Akanikatalia, akasema bila wewe hawezi. Nikaogopa kukwambia. Nikaona bora uniite mwizi." Akaisukuma laptopu pembeni. "Baba, mimi makabati yote nayachora, sijawahi kutengeneza hata moja. Sitaki meza hii. Nataka nikate mbao kwa mikono yangu."